Mkono wa Baba kwenye Igisoro

Nyumba yenyewe iko kwenye barabara ya chini, ile inayofuata ziwa, na kabla ya kuwa makumbusho ilikuwa ya mtu aliyeuza mbao. Ndani hakuna vioo wala kamba za kukuzuia. Michezo ya nchi hii, ya zamani na ya juzi, imewekwa humo ili ichezwe: mipira ya majani makavu ya migomba, ringi za baiskeli na vijiti vyake vya kuzisukumia, meza ya babyfoot, ule mpira wa mezani, iliyotoka kwenye kituo cha vijana cha parokia, na zile televisheni nene za michezo ya kubonyeza ambazo zilitufanya tuchelewe shule. Mlangoni wameandika neno moja: Gusa.

Niliingia kwa sababu ya mvua. Nimeishi Goma, Bukavu, Kampala, Mwanza na Kigali, na kila mahali nimepata kazi nikaiacha. Mama husema mimi na kiti hatupatani. Nilikuwa nimerudi Gisenyi kwa wiki moja tu, na sikutegemea kukaa zaidi.

Igisoro iko chumba cha nyuma, karibu na dirisha. Ni ubao wa mashimo thelathini na mawili katika safu nne, na kila mchezaji ana safu zake mbili. Unachota kete zote za shimo moja na kuzipanda moja moja katika mashimo yanayofuata, ukizunguka upande wako, mpaka ziishe mkononi. Mbele ya ubao alikuwa amekaa fundi wa kushona, mtu wa zile familia za Waislamu wa mjini, aliyekuwa akifunga duka kila mchana kuja kutafuta wa kumfunga. Nikakaa. Nikachota, nikaanza kupanda.

“Eh! Eh! We mutu, unaenda wapi?” Aliweka kiganja juu ya mashimo yangu.

“Nacheza.”

“Huchezi, unarudi nyumbani. Njia iko huku.” Kidole chake kilipita juu ya safu iliyo karibu na tumbo langu, kutoka kushoto kwenda kulia. Mimi nilikuwa nimetoka kulia nikaenda kushoto.

“Kwetu tunaenda hivi.”

“Kwenu ni wapi, kule juu kwa mwezi?”

“Goma.”

“Goma nimeshona miaka mingi, mi sijaona mutu anacheza kinyume kama we. Bon, endelea. Nitakukula hata ukipitia kwa paa.”

Alinila mara tatu.

Msimamizi wa pale alikuwa amesimama mlangoni akitusikiliza. Ni dada wa miaka thelathini hivi, wazazi wake walirudi kutoka Tanzania, na Kiswahili chake kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Kazi yake ni kukusanya sheria za michezo kabla wanaozijua hawajaisha.

“Kaka, umesema kwenu mnacheza hivyo? Nyumba yenu tu?”

“Mtaa mzima,” nikasema.

Hiyo ilikuwa kweli. Katika kichochoro chetu baba peke yake ndiye alikuwa na igisoro, ubao wa mkalitusi aliouchonga mwenyewe, na vijiwe vyeusi vya volkano badala ya kete. Kila aliyejifunza alijifunza mbele ya magoti yake. Lakini sikuishia hapo. Nilimwambia kwamba wote waliorudi huku kutoka Kongo, kama sisi, wanacheza hivyo. Sikukusudia kumdanganya, niliamini kabisa.

Siku ya pili nilikuta kadi ya karatasi ukutani, juu ya ubao: “Namna ya waliorudi kutoka Kongo: kete huanzia kulia.” Msimamizi akaniambia karatasi ni ya muda. Mwisho wa mwezi seremala angechonga maneno yale kwenye kibao cha mbao, na kibao hakitatoka tena.

Baba alikufa bila kutuachia shamba, wala cheti, wala picha ambayo uso wake unaonekana vizuri. Na sasa namna yake ya kucheza ingekaa ukutani, watoto wa shule waje kuifuata kwa vidole vyao. Nilikitaka kibao kile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka kwa miaka mingi. Kwa ajili yake nikakaa Gisenyi wiki tatu, nikienda pale kila siku kufungwa na fundi.

Jumamosi moja kabla ya mwisho wa mwezi nilimleta mama kutoka Rugerero, anakoishi, yeye kwenye moto yake, pikipiki ya abiria, na mimi kwenye yangu. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Msimamizi akamkaribisha, akamweka kwenye benchi la dirishani, akamsomea kadi kwa sauti. Mama akaomba isomwe tena. Kisha akacheka mpaka akashika ukingo wa dirisha.

“Nani amewaambia hii?”

“Mtoto wako, mama.”

“Ahi, papa!” Mama huniita papa anapotaka kunionea huruma. “Watu ya Kongo wapi?”

“Maman, si mtaa mzima ulicheza hivyo?”

“Mutaa nzima alifundisha nani? Baba yako. Na baba yako alikuwa mutu wa mukono ya kushoto.”

Nikamwambia haiwezekani. Baba alikula kwa mkono wa kulia, aliandika kwa wa kulia, alisalimia watu kwa wa kulia.

“Kwao walimupiga mpaka akaacha ile ingine. Kushoto si mukono ya kukulia chakula, si mukono ya kumupa mutu kitu. Donc akajifunza ya kuume. Lakini kwa igisoro watu wanaangalia kete, hakuna mutu anaangalia mukono. Pale ndiyo alikuwa anaitoa.”

Hapo nikamwona. Yuko kwenye kigoda, mkono wa kushoto umejaa vijiwe, anavidondosha bila hata kuvitazama, na ule wa kulia umelala juu ya goti kama mgeni. Nilikaa mbele yake utoto wangu wote na sikuwahi kuliona hilo.

“Na we ya kuume unafuata njia yake,” mama akaendelea. “Hukujiuliza kwa nini mukono yako inapita mbele ya tumbo kama mutu anatafuta mukanda?”

Fundi alivua miwani akafuta macho. “Nilisema! Siku ya kwanza nilisema huyu anarudi nyumbani!”

“Ulijua siku zote, Maman?”

“Kaka zangu walikuwa wanacheza. Nilijua.”

“Mbona hukumwambia baba kwamba anacheza kinyume?”

“Nimuambie nini? Alikuwa anafurahi.”

Msimamizi alikuwa anaiangalia kadi yake. “Seremala anaanza Jumatatu,” akaniambia taratibu. “Kaka, nimwambie achonge nini?”

Nilikaribia kumwambia aiache. Nani angekuja kuhakikisha? Lakini fundi, aliyeshona Goma miaka yote hiyo, alikuwa ameshasema ukweli tangu siku ya kwanza, na wangekuja wengine kama yeye, waweke kiganja juu ya mashimo na kuuliza. Halafu kulikuwa na jambo jingine. Kadi ile ilisema Kongo mahali ilipotakiwa kusema baba. Nikainuka, nikaibandua mwenyewe.

“Andika mtu mmoja,” nikasema. “Andika na mkono wake.” Kisha nikamgeukia mama, maana mkono ule haukuwa wangu kuutangaza.

Mama akakunja na kukunjua pindo la kitenge. “Aliificha maisha yake yote,” akasema. Fundi akaacha kuchezea kete.

“Andika tu. Sasa nani atamupiga?”

Msimamizi akachukua penseli. Aliandika, akafuta, akaandika tena, kisha akasoma: “Mchezaji mmoja aliyeishi Goma alitumia mkono wa kushoto, akaanzia kete kulia. Majirani waliojifunza kwake walicheza hivyo hivyo.” Akauliza jina.

“Jina, hapana,” mama akasema. “Lakini weka kwamba alikuwa anashinda.”

Mimi nakumbuka vizuri. Baba alifungwa na karibu kila mtu, na mimi nilimfunga nikiwa na miaka kumi. Msimamizi alinitazama, penseli ikingoja.

“Wakati mwingine,” nikasema.

“Hiyo ‘wakati mwingine’ uitoe,” mama akamwambia.

Msimamizi akaandika “alishinda”, akaweka nukta.