Filamu Ambayo Mama Aliomba Kuiona

Banda la video la pale sokoni kwetu, upande wa Musanda, lilinuka petroli ya jenereta, jasho la vijana na njugu zilizokaangwa hadi zikaanza kuungua. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia ya mbolea ili mwanga usiingie, na mabati ya paa yalichemka kiasi kwamba ukitoka nje saa nane mchana uliona kama umeingia kwenye baridi. Filamu zilikuwa za kigeni, lakini hatukuhangaika na lugha ya wenyewe. Zilikuja zikiwa na sauti ya mtafsiri, tuliyemwita dijei, ambaye aliwasemea watu wote humo ndani, wanaume, wanawake, hata mbwa, kwa Kiswahili cha huku kwetu. Jambazi alimwita Wanjala, askari akamwita chifu, na mtu akikimbizwa alimshauri apitie kwenye miwa. Tulimpenda kuliko waigizaji wenyewe. Nilikuwa darasa la tano, na kaka yangu Wafula ndiye aliyeniingiza huko Jumamosi moja, akiniahidi kwamba tutaona watu wakirushiana mateke.

Hakukuwa na mateke. Kulikuwa na mwanamke aliyeishi na binti yake katika nyumba kubwa katikati ya msitu. Alisikia watu wakitembea ndani ya kuta, akawa anasimama dirishani kutwa nzima akiwangoja watokee. Mama yake naye alikuwa ameugua vivyo hivyo, katika nyumba ileile. Mwishoni gari lilikuja likamchukua yule mwanamke, na binti alipobaki peke yake alikwenda taratibu akasimama palepale dirishani. Hapo dijei, ambaye siku zote alipayuka, akashusha sauti: "Hii kitu ni ya damu. Nyanya, mama, sasa ni zamu ya msichana." Banda zima likapiga mayowe, kisha likacheka, kisha vijana wakatoka kwenda kutafuta mandazi. Mimi nilibaki kwenye benchi, na Wafula akanivuta kwa mkono huku akinitania kwamba nimejikojolea.

Nyumbani tulikuwa na mwanamke aliyesimama dirishani. Mwaka huo Mama alilazwa wodi ya wagonjwa wa akili, hospitalini Kakamega mjini, akarudi na vidonge kwenye karatasi ya kaki na mwili mzito. Siku nyingine alikuwa Mama wetu kabisa, akiimba nyimbo za kanisani huku akisonga obusuma, ugali wetu. Siku nyingine alisikia watu wakizungumza kwenye miwa. Nyumba yetu ilizungukwa na miwa pande tatu, na miwa yenyewe ilikuwa imepitisha muda wake wa kukatwa kwa sababu kiwanda cha sukari kilikuwa kimesimama, ikaota mpaka ikalipita paa. Ukiwa uani uliona anga juu na kijia kimoja mbele, basi. Upepo ukipita, yale majani yalinong'ona kwelikweli. "Umewasikia?" Mama aliniuliza, na sikujua jibu lipi lilikuwa salama. Nikisema sijasikia, uso wake uliumia. Nikisema nimesikia, nilijiogopa mwenyewe. Baba alikuwa Mautuma, akifanya kibarua kwenye mashamba ya mahindi, na Wafula alikuwa na mpira wake. Kwa hiyo tulibaki wawili.

Jambo jingine lilikuwa jina. Mimi nilipewa jina la mama yake Mama, ndiyo maana hakuniita mwanangu wala binti yangu, aliniita Kukhu, yaani bibi. Nilikuwa nimesikia wakubwa wakisema kwamba marehemu bibi naye alikuwa na siku zake za kusikia watu. Sasa kila nilipoitwa Kukhu nilisikia ile sauti ya dijei. Nikaanza kujilinda. Sikusogelea dirisha. Nikijikuta ninaimba peke yangu, niliziba mdomo kwa kiganja. Nikilala nilitaja majina ya wanafunzi wote wa darasa letu, nione kama akili bado ipo. Niliacha kula sahani moja na Mama, na uchungu wa kumfanyia hivyo niliumeza pamoja na chakula. Zaidi ya yote nilimtazama. Nilimtazama akichota maji, akichana nywele, akifunga mlango. Naye aliona. Mtu anayetazamwa hujichunga hata namna anavyoshika kikombe, na kule kujichunga kwake mimi nilikuona ndio ugonjwa wenyewe. Tulikuwa wafungwa wawili, kila mmoja askari wa mwenzake, na miwa ndiyo ukuta.

Alasiri moja tulikuwa tunapukuchua mahindi. Mama akaweka gunzi chini. "Kukhu, mbona unaniangalianga hivyo? Nimekukosea nini?"

Nililia mpaka nikakosa pumzi, kisha nikamwambia yote: filamu, ukuta, dirisha, nyanya, mama na msichana. Nikajua kwamba sasa nimemwamsha huyo aliyemo ndani yake. Badala yake akajikung'uta makapi, akafunga kitambaa cha kichwani na kuchukua mkoba wake wa kanisani. "Nipeleke nikaione," akasema.

Hakuna mama wa mtu aliyewahi kuingia lile banda. Vijana wa bodaboda walimjua, wote walijua alikolazwa, wakaondoka kwenye benchi la mbele wakamwachia lote. Ilikuwa hofu tu, haikuwa heshima, na aibu ilinichoma masikio. Mwenye banda alisita, halafu akaiweka ile filamu. Mama aliitazama mkoba ukiwa magotini, kama anayesikiliza mahubiri. Wengine walipopiga mayowe, yeye alisonya. Dijei alipofika kwenye mambo ya damu nilifumba macho, na nilipoyafumbua Mama alikuwa amekwisha kusimama akitafuta viatu vyake.

Njiani, miwa ikitubana huku na huku, ndipo aliponiuliza kwa hasira ya kweli: "Sasa yule mama hana hata jirani? Nyumba kubwa hivyo, na hakuna mtu anamleteanga hata uji? Hata mimi ningesikia watu kwa ukuta." Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka karibu yake tangu siku ile ya filamu. Kicheko kilinipa ujasiri, nikamuuliza lile nililokuwa nimelibeba: je, na mimi itanijia?

"Sijui, Kukhu," akasema. "Mama yangu alikuwa nayo. Inaweza kuja, inaweza kukupita."

Nilitaka aseme hapana. Mama yeyote angesema hapana. Nilirudi kula naye sahani moja tangu jioni ile, lakini kwa lile jibu nilimkasirikia miaka na miaka.

Siku hizi ile miwa imeng'olewa, na kutoka uani unaona mpaka barabarani. Banda la video ni duka la simu. Mama bado yupo, anameza dawa zake, na akisikia watu huwaambia wangoje kwanza amalize kupika. Miaka michache iliyopita niliipata ile filamu kwenye simu, bila dijei, na kumbe hakuna anayesema habari za damu. Yule msichana anasimama dirishani kimya, filamu inaisha. Maneno yote yalikuwa ya dijei, aliyaongeza apate kututisha vizuri. Nilicheka peke yangu sebuleni mpaka machozi yakanitoka, nikajiona nimefunguliwa.

Mwaka uliofuata ikanijia. Nilikuwa nimepanga nyumba mjini Kakamega, na kila jioni niliwasikia majirani nyuma ya ukuta wakinijadili kwa jina. Nilivumilia wiki kadhaa, kisha nikaenda kwa mwenye nyumba kulalamika. Akaniambia ile nyumba ya nyuma ya ukuta wangu haina mtu tangu Krismasi. Nilikwenda hospitali siku hiyohiyo, nikapewa vidonge, nikawa ninavimeza siku nilizojisikia tu. Nilijiambia kwamba ninajimudu. Kisha nikaanza kumwona binti yangu wa miaka tisa akisimama mlangoni, akinitazama ninavyofunga vifungo vya blauzi. Asubuhi moja nilimwita, nikamkalisha kitandani, nikamweleza yote, na aliponiuliza kama itamjia na yeye, lile jibu nililolichukia likanitoka mdomoni lilivyo: sijui. Hakulia. Aliuliza, "Ikikuja, wewe utakuwa hapo?"

Hilo mimi sikuwahi kumuuliza Mama. Nikamwambia nitakuwepo. Tangu asubuhi ile sijaruka kidonge hata kimoja.