Karatasi Zisizo na Majina

Siku hiyo ningali naikumbuka, mwanangu, na kumbukumbu zangu huzipima mara mbili kabla ya kuziuza. Ilikuwa Malindi, miaka ya themanini, nami niko kidato cha tatu. Shule ilitakiwa kupeleka mwandishi mmoja kwenye mashindano ya insha kule Kilifi. Insha iliyotupita sote ilikuwa ya Kadzo, binti wa wakulima wa mihogo, msichana asiyefungua kinywa darasani mpaka aulizwe. Mwalimu wetu wa Kiswahili akaiinua juu. "Hii umeandikiwa. Kilifi huendi."

Kadzo aliinama. Mimi mtoto wa muuza leso, sikuzoea kuona mali nzuri ikirudishwa bila hata kupapaswa. Nikasimama.

"Mwalimu, naomba tupatane."

Darasa likacheka. "Haya, bwana duka, taja bei."

"Sisi watatu tunaoandika gazeti la ukutani la darasa, mimi, Kadzo na Athmani, tuandike aya moja moja sasa hivi, juu ya kisima cha shule, bila majina. Utusomee. Wenzetu wakitambua kwa uandishi tu kila karatasi ni ya nani, Kadzo aende. Wakikosea hata moja, nasafisha vyoo muhula mzima."

"Mihula miwili."

"Mmoja, Mwalimu, na madirisha juu yake."

Akakubali. Tukaandika mbele ya macho yake, naye akakusanya, akasoma.

"Kamba imekatika. Ndoo imezama. Nani kaifunga?"

"Athmani!" Mvulana wa Ngomeni huyo, maneno alikuwa akiyatoa kama anayelipia kila moja.

"Ndoo zilikuwa kumi na mbili. Nimehesabu tena, ni kumi na moja. Mwizi yumo humu humu."

Wote wakanigeukia mimi. Wallahi, sikujua kama nami nina sauti yangu mpaka wenzangu waliponionyesha.

Ya tatu ilianza kwa methali mbili, kisha ikatuonya tusipige kelele tukichota maji. Mtu huko nyuma akasema, "Samahani, lakini hii si yako, Mwalimu?"

Kumbe alikuwa ameichomeka yake! Alicheka mpaka akavua miwani. Akasoma ya mwisho:

"Kisima nacho kina kiu. Kila asubuhi kinakunywa nyuso zetu, na hakijatuambia bado zina ladha gani."

Darasa zima lilisema taratibu, "Kadzo."

Mwalimu akaikunja karatasi. "Niwie radhi, mwanangu. Kilifi utakwenda."

Akaenda, akashinda! Tulimpokea langoni kwa vigelegele, tukamsindikiza mpaka kisimani.

Basi, mwanangu, kila ndege huruka kwa ubawa wake. Ukishika kazi ya mwenzako, usiitafutie sura yako. Isome mpaka umjue mwenyewe ndani yake, kisha mwambie ulichokipenda. Watakwambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nakwambia asiyesifiwa kabisa huvunja mtungi.

Mungu akujalie wino usiokauka, na wenzako watakaokutambua hata pasipo jina. Amina.