Feni za gari ya marehemu Mzee zilikataa kuzunguka mpaka Mama akaongea

Wakuu, salamu kutoka Kisumu, huku jua inachoma mpaka mijusi inatembea kwa vidole.

Mnisome pole pole, mimi shule nilipitia kwa dirisha tu. Lakini hii ni kitu imenipata mimi mwenyewe. Mahali nimeongeza chumvi mtaisikia kwa ulimi.

Mzee wangu alituacha mwaka juzi. Akaacha saloon moja nyeupe, imenishinda umri.

Tukiwa watoto pale nyumbani Pap Onditi, hatukuwa tunajua Baba amefika kwa horn. Tulijua kwa feni ya kupoza engine. Akishazima engine, feni inabaki inanguruma VUUUU, kuku zinakimbia, nguo kwa kamba zinakauka mara moja. Yeye anakaa ndani kidogo, halafu inanyamaza, ndio anashuka na mkate.

Hiyo VUUUU, wakuu, mpaka leo nikiisikia mahali popote nasikia njaa ya mkate.

Haya. Gari ikakuja kwangu. Wiki ya kwanza, jam ya Kondele, mshale wa temperature ukapanda mpaka ukataka kutoka nje. Moshi kwa bonnet. Mama mmoja wa mahindi choma akaniambia, "Baba, sogeza hiyo gari hapa, makaa yangu imeisha."

Nikafungua bonnet. Feni mbili zimetulia kama ziko kanisani.

Brother yangu mkubwa, Ouma, akasikia. Akanipigia simu.

"Wewe, hiyo gari imekwisha. Mtu wa scrap anakuja Jumatatu. Jumamosi tunaenda nyumbani kwa ukumbusho wa Mzee. Ukifikisha Mama bila kuchemka, baki nayo. Ikichemka, inaenda kwa kilo."

Kwa kilo! Gari ya Mzee ipimwe kama samaki ya mbuta! Sikulala.

Nikaita fundi wangu Okoth. Tukaanza na fuse. Nzima. Akatoa plug ya feni, akaipatia moto direct kutoka kwa betri. Feni ikazunguka, nusura ibebe kofia ya Okoth mpaka Uganda. Kwa hivyo feni haina makosa. Relay, ile inapitisha moto kwa feni, tukaweka ingine. Kimya.

Tukaenda kwa sensor ya radiator, ile inasikia joto halafu inaamsha feni. Tukakuta waya zake zilikatwa kitambo, zimefungwa na raba ya tube. Na kutoka kwa relay kuna waya moja nyekundu imetoboa ukuta wa engine, inaingia dashboard, inapotelea huko.

Okoth akasema, "Bwana, tubomoe dashboard."

Nikakataa. Hiyo dashboard iko na mwandiko wa Mzee. Alikuwa anabandika plasta ya hospitali kila mahali na kuandika na biro, kwa Dholuo. Chini ya usukani kuna switch ndogo, plasta yake imeandikwa YAMO.

Kama hujui, yamo ni upepo.

Okoth akaisoma, akacheka. "Hii ni ya AC. AC ya hii gari ilikufa kabla ya Goliathi."

Hata mimi niliwahi kuiwasha siku moja nikiwa mwendo, madirisha wazi, kelele ya barabara imejaa masikio, jasho inatoka. Upepo haikuja kwa uso. Nikazima.

Jumamosi ikafika na feni bado kimya. Mpango wangu ulikuwa moja tu: kutosimama. Nikabeba jerikeni sita za maji, gari ikawa kisima inatembea. Mama mbele, Ouma nyuma, amenyoosha shingo kama twiga kuangalia mshale.

Barabara kubwa tulienda vizuri, upepo wa mwendo inapoza engine. Tukafika Ahero. Bumps, watu wa soko, na lori la mchele limelala katikati ya barabara. Tukasimama.

Mshale ukaanza kupanda.

"Sasa ona," Ouma akasema. "Nilikuambia nini?"

Naona Mzee anapimwa kwa kilo.

Mama akanigonga goti. "Washa yamo."

"Mama, AC ilikufa."

"Nani amesema AC? Hiyo si yamo yetu. Ni yamo ya gari. Baba yako tukifika hapa Ahero lazima aiwashe."

Nikabonyeza.

VUUUUU!

Mshale ukarudi chini pole pole kama mtoto ameitwa na mwalimu. Kumbe ile waya nyekundu ilikuwa inaishia kwa hiyo switch.

Ouma akauliza, "Mama, na mbona hukutuambia?"

"Mliniuliza? Nyinyi mlikuwa mnalala huko nyuma. Mimi ndio nilikuwa mbele."

Tukafika Pap Onditi. Nikazima engine, nikapeleka mkono kwa ile switch. Mama akanishika.

"Wacha kwanza."

Tukakaa. Feni inanguruma. Kuku zikakimbia, wajukuu wa wale wa zamani. Mama jirani akatoa kichwa jikoni haraka, kuangalia kama ni Mzee amefika. Betri ilikuwa inataka kufa, sikujali.

Ouma alishuka, akazunguka nyuma ya nyumba. Akarudi macho nyekundu, anasema ni vumbi. Na hiyo siku mvua ilikuwa imenyesha mpaka bata zilikuwa zinaomba kiatu.

Mtu wa scrap alikuja Jumatatu. Ouma mwenyewe ndio alimfukuza.

Nimejifunza nini? Feni ikikataa, angalia fuse, ipatie moto direct, angalia relay, angalia sensor. Lakini kama gari ilikuwa ya mtu mwingine, kabla hujabomoa kitu, tafuta yule alikuwa anakaa kiti ya mbele. Muulize.

Haya wakuu, leteni zenu. Nani mwingine aliachiwa gari iko na switch ya ajabu? Na Okoth akiwa humu, usijifiche, sema kwa wote yamo ni nini.