Mzee Ameir, Mtaalamu wa Wavietnamu

Mzee Ameir alijua kwa nini Wavietnamu wa London wamefanikiwa. Hakuwahi kumuuliza Mvietnamu hata mmoja, lakini hilo halikumpunguzia uhakika. Pengine ndilo lililomzidishia. Alijua pia kwa nini Wapolandi wamekwama, Wareno wamechoka na Waitaliano wamelala juu ya mikahawa ya babu zao. Yote hayo aliyajua akiwa amekaa dirishani kwake Woolwich, ghorofa ya tatu, mguu mmoja juu ya kigoda na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, akitazama chini kwenye maduka ya watu wengine.

Mkewe, Bi Time, alikuwa akiusikiliza ujuzi huo tangu binti yao Haifa yuko shule ya msingi, na sasa Haifa ni mwanamke mzima. Angeweza kuusoma kwa moyo bila kukosea. Kwanza inakuja historia: Wavietnamu walifika hapa hawana kitu, hawajui lugha, serikali ikawatawanya, familia mbili kijiji hiki, familia tatu mji ule, nao wakatafutana wenyewe mpaka wakakutana tena Hackney na Deptford. Halafu wanakuja Wazungu. Hao Mzee Ameir aliwagawa mafungu mawili, Wazungu wenye nyumba na Wazungu wa kuja. Wa kuja walishuka na pasi za Ulaya mfukoni, rangi yao haimshtui mtu, na bado, ati, wengi wao wamefunga virago wakarudi kwao. Mwisho kidole kinapanda juu: "Na sisi je?" Hapo Bi Time huinuka kwenda kutazama wali, hata kama jikoni hakuna wali.

Tumtendee haki lakini. Mzee Ameir hakuwa mvivu. Kwao Pemba alikuwa mwalimu wa jiografia, mwenye chaki mfukoni na heshima njia nzima, mpaka zile vurugu za uchaguzi zilipomtoa mbio pamoja na mke na mtoto mchanga. London haikuwa na haja ya mwalimu mwingine wa jiografia. Miaka yake ya kwanza hapa yeye mwenyewe aliiita "wakati nilipokuwa katika sekta ya afya," na aliisema kwa sauti nzito, watu wakadhani alikuwa karibu na madaktari. Sekta yenyewe ilikuwa nyumba ya wazee kule Eltham, na afya yenyewe ilikuwa kuwaogesha vikongwe, kuwaosha miguu, kuwakata kucha na kuwavisha soksi. Alikuwa akirudi nyumbani anajisugua mikono mpaka juu kabla ya kumshika mtoto. Bi Time aliapishwa asimwambie mtu, na hakumwambia mtu. Baadaye akapata kazi ya ukarani kwenye kaunsili, serikali ya mtaa, akanunua tai, na sekta ya afya ikazikwa bila matanga.

Kwa hiyo siku Haifa alipokuja kusema kwamba ameacha kazi ya uhasibu, kazi ya ofisini yenye kiti cha kuzunguka na kila kitu, ili ajifunze kutengeneza kucha kwa mama mmoja wa Kivietnamu, mtu angetegemea baba mtu aruke kwa furaha. Si ndiyo siri ya mafanikio? Si ndiyo iliyohubiriwa miaka yote?

"Kucha?" Mzee Ameir alisema. "Kucha za mikono?"

"Na miguu, Baba. Mostly miguu."

"Sikukimbia nchi yangu mwanangu aje ashike miguu ya watu!"

"Lakini Baba, wewe mwenyewe always unasema Wavietnamu..."

"Wavietnamu ni Wavietnamu!" alisema, na hiyo ndiyo nukta ya kisayansi ambayo hakuwahi kuieleza zaidi. Kisha hakusema na mtoto wake mpaka mwezi ukaandama.

Bi Time akafanya wanavyofanya akina mama wenye waume wataalamu. Alimwambia Mzee Ameir kwamba Haifa amerudi ofisini, Lewisham. Haifa kweli alikuwa akienda Lewisham kila siku. Alikuwa akienda kwenye saluni ya Bi Thuy, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, aliyemfundisha kushika mguu wa mtu bila ya kumtekenya na kunyamaza mteja anapotaka kulia. Haifa alipomhadithia nadharia za baba yake, Bi Thuy alicheka mpaka akavua miwani.

"Watu wangu wamefanikiwa?" aliuliza. "Mwambie baba yako anionyeshe wanapokaa, nikawaombe sukari. Shemeji yangu anaosha sahani Deptford tangu alipofika, na hakuna aliyemwita kutoa hotuba. Sisi tulishika kucha kwa sababu kucha hazisemi Kiingereza. Ingekuwa kuna kazi nyingine isiyotaka kusema, tungeishika hiyo."

Bi Time aliletewa maneno hayo nyumbani, akayaweka. Alikuwa na hamu kubwa ya kuyatumia siku moja.

Bi Thuy ndiye aliyemwambia Haifa afungue duka lake mwenyewe. Alimpa na jina lake. "Weka jina langu juu ya mlango mpaka lako likomae," alimwambia. "Wateja wanaamini jina la Kivietnamu. Na wao pia wana nadharia zao." Haifa akapata mahali Woolwich penyewe, kwenye barabara kuu, pale pale palipokuwa na duka la soseji la Wapolandi lililofungwa. Alipaka rangi, akaleta viti, akatia pazia upande mmoja kwa wanawake wanaojisitiri, na kona ya mama yake kwa ajili ya hina, maana Bi Time alikuwa mpambaji wa maharusi tangu Pemba na mikono yake bado haitetemeki. Vioo aliviziba kwa karatasi, akawa anaingia kwa mlango wa nyuma. Kibao kikapanda: Thuy Nails.

Kila kitu kikawa tayari isipokuwa kimoja. Kwetu duka halifunguliwi hivi hivi kama kopo. Kunasomwa, kunafukizwa ubani, halwa inaliwa, na fatiha ya kwanza huisoma baba wa mwenye duka. Bi Time alipendekeza wamwite mjomba. Haifa akakataa.

"Sifungui bila ya Baba, Mama. I mean it. Akisoma mtu mwengine, kila anayeingia pale atauliza baba yake yuko wapi. Nami pia nitakuwa najiuliza."

"Na asipokuja?"

Mkataba wa pango ulikuwa umeshaanza kutembea na karatasi bado ziko vioo vyote. Bi Time alikaa wiki nzima akitafuta mlango wa kuingilia kwa mumewe, na kila alipofungua mdomo alikuta mumewe yuko dirishani, anaangalia kibao kipya kwa furaha ya mtu aliyeona mwezi wa Idi.

"Umeona, Mama Haifa? Umeona? Mpolandi katoka, Mvietnamu kaingia! Tena ni tawi la pili, nasikia la kwanza liko Lewisham. Miye ninasema, watu hawanisikilizi."

"Tunakusikiliza, Baba Haifa," alisema Bi Time. "Tumechoka kwa kukusikiliza."

Bahati ilitaka, au haikutaka, Jumamosi hiyo jumuiya ya Wazanzibari ilimwalika Mzee Ameir kutoa mhadhara kwenye ukumbi wa mtaa. Mada aliichagua mwenyewe: Wavietnamu na Wazungu wa Kuja, Nani Amefika na Nani Amebaki. Alivaa tai ya kaunsili. Watu walikuja kwa wingi, wengine kwa elimu na wengine kwa sababu palitangazwa biriani. Mbele kabisa alikaa Chaman, rafiki yake mwenye duka la vitambaa Kingsbury, Mhindi aliyezaliwa Unguja na mwenye Kiswahili kitamu kuliko cha watoto wa ukumbi mzima. Chaman aliwatetea Wapolandi kila wakati, si kwa mapenzi, kwa ubishi tu.

"Na sisi Wahindi umetutia fungu gani, Ameir?" aliuliza kabla mhadhara haujaanza.

"Nyinyi hamhesabiwi. Nyinyi mlizaliwa na duka."

Mhadhara ulikwenda vizuri, yaani ulikwenda kama kawaida. Wapolandi walilaumiwa kwa kuipenda mno nchi yao, Wareno kwa kupenda mpira, Wavietnamu wakasifiwa kwa subira, umoja, na mambo mengine ambayo Bi Thuy angependa sana kuyaona. Kisha Mzee Ameir akafika kwenye ushahidi wake.

"Nendeni mkaone hapo barabarani! Duka la Mzungu limekufa, na juu ya kaburi lake, wakati wowote sasa, Mvietnamu anafungua. Kazi gani? Kucha! Miguu! Hakuona haya! Na sisi je? Sisi tunataka ofisi, tunataka tai!" Hapo akaishika tai yake mwenyewe, labda bila kukusudia. "Wallahi, siku Mzanzibari mmoja, mmoja tu, akifungua duka kama lile, mimi Ameir nitakuwa mteja wake wa kwanza. Nitavua soksi mbele za watu!"

Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu nusu ya waliokuwemo walishaweka miadi na Haifa. Mwanamke mmoja aliinamia sahani yake. Haifa, aliyekuwa nyuma akimimina chai, alisimama na birika mkononi.

"Mbele ya mashahidi?" aliuliza Chaman, naye alijua zamani, vitambaa vya pazia vilitoka kwake.

"Mbele ya mashahidi!"

Bi Time aliinuka. Miaka yote aliyoinuka kwenye mazungumzo haya ilikuwa kwenda jikoni. Safari hii alibaki pale pale.

"Basi mume wangu, tayarisha soksi," alisema. "Duka lile ni la Haifa. Kesho baada ya laasiri tunasoma. Tumekungoja wewe tu."

Mzee Ameir alimtazama mkewe, akamtazama binti yake, akaitazama karatasi ya mhadhara kana kwamba huenda jibu limeandikwa humo. Halikuandikwa. Akakaa. Biriani ikaletwa haraka, na hakuna aliyeuliza swali.

Nyumbani aliingia chumbani akafunga mlango. Bi Time hakumfuata, alikwishasema yake. Asubuhi Mzee Ameir hakukaa dirishani. Adhuhuri hakula. Bi Time alivaa, akachukua halwa na chetezo cha ubani, moyo wake mzito, akijiambia kwamba mjomba hajafa na fatiha ni fatiha. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango aliposikia sauti chumbani.

"Mama Haifa! Soksi zangu mpya umeziweka wapi?"

Alikuja na kanzu na koti, akapita katikati ya watu bila kumwangalia mtu. Alisoma fatiha, na alipofika kumwombea mwenye duka akakohoa kidogo kana kwamba ni ubani. Haifa alibandua karatasi ya kwanza kwenye kioo. Jua la Woolwich likaingia, lile lile dogo la siku zote.

"Soksi!" alipiga kelele Chaman, mdomo umejaa halwa.

Watu wakacheka. Mzee Ameir hakucheka. Alikwenda akakaa kwenye kiti kikubwa, akainama kwa taabu, akavua soksi mpya moja baada ya nyingine. Ilikuwa miguu ya mzee, vidole vimepinda, visigino vimepasuka, kucha ngumu kama pembe. Haifa alivuta kigoda akakaa chini yake. Alijaza maji kwenye dishi, akachovya vidole kujaribu joto.

"Si kwa vidole," alisema baba yake.

"What?"

"Vidole vimezoea moto, vitakudanganya. Tia kiwiko. Mtu mzee ngozi yake nyepesi. Utamuunguza, na yeye hatakwambia, ataona haya. Atakaa kimya tu mpaka umalize."

Haifa aliinua macho. "Baba, how do you know that?"

Mzee Ameir alimtafuta mkewe kwa macho. Bi Time aligeuka kwenda kutazama wali, na mahali pale hapakuwa na jiko wala sufuria.

"Nilipokuwa katika sekta ya..." alianza, kisha akaacha. Hata Chaman alikuwa ameacha kutafuna. "Nilikuwa nikiosha miguu ya watu, mwanangu. Kule Eltham. Ulipokuwa mdogo. Ndiyo kazi iliyokulisha."

Haifa akakunja mkono wa gauni lake mpaka juu, akatia kiwiko majini.