Kuilaza Shingo ya Baiskeli

Mama alitoa hukumu yake jikoni, huku ananibandika plasta kidevuni. Mama yangu akishatoa hukumu, basi, hata paka wa mtaani huifuata.

"Hii damu ya tatu," alisema. "Goti, kiwiko, sasa kidevu. Nakwambia na ndugu zako wanasikia. Siku utayorudi na damu ya nne, hiyo baiskeli inakwenda shamba, Barka, kwa mjomba wako, wakatundikie majani ya mbuzi."

Ndugu zangu hawakuwa wanasikia, walikuwa wanakula. Lakini mimi nilisikia vizuri sana, na usiku ule niliwaona mbuzi wa mjomba wamejipanga, wanatafuna na kuitazama baiskeli yangu kwa dharau.

Niliinunua hapahapa Maskati, kwa mzungu mmoja wa mtaa wa Qurum aliyekuwa anarudi kwao. Ni baiskeli ya milimani hasa, matairi mapana yenye meno, springi mbele na springi nyuma. Mwenyewe alikuwa bwana mkubwa, mabega kama mlango wa gereji. Mimi kimo changu ni cha kufikia rafu ya pili katika duka la mikate ninakofanya kazi, pale Al Khuwair. Rafu ya tatu napandia kistuli. Yule bwana alinitazama, akaitazama baiskeli, akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia nina uhakika tangu darasa la sita.

Maana ndoto yangu ilikuwa moja. Nyuma ya nyumba zetu Matrah kuna njia ya mawe inayopanda mgongo wa mlima, kisha inateremka upande wa pili mpaka kwenye uwanja wa kuegesha magari. Watu huipita kwa miguu asubuhi za baridi, na chupa zao za maji. Mimi nilitaka kuiteremka yote nimekaa juu ya baiskeli, bila mguu kugusa chini hata mara moja. Basi. Sikutaka kombe wala picha.

Na kila mara, pale njia inapovunjika kama ngazi, gurudumu la mbele lilikuwa likigonga jiwe, baiskeli inainua mkia, na mimi natangulia.

Nilidhani tatizo ni mimi. Mtu aliyefeli hisabati mara mbili huzoea kudhani tatizo ni yeye.

Aliyeniambia vingine ni jirani yangu wa paani. Paa letu na paa la nyumba ya pili yanatenganishwa na ukuta mfupi wa kufika kiunoni, na kule anafanya kazi dada mmoja wa Uganda, wa upande wa mashariki karibu na mpaka wa Kenya, anawaangalia wazee wawili ambao kila alasiri hulala kwa saa mbili kama waliolipwa kulala. Saa hizo mbili ndizo zake za kuanika nguo. Siku moja akasimama na shuka bichi begani, akaniangalia nilivyokaa kitako mbele ya baiskeli, nimeitumbulia macho.

"Dada," akasema, "huyu amekukosea nini? Kila siku unamwangalia kama bwana aliyechelewa kurudi."

"Ananirusha."

"Anakurusha wapi?"

"Mbele."

"Haya, panda nione."

Nikapanda, nikashika ukuta. Akauruka ukuta na shuka lake, akanizunguka mara moja, akachuchumaa, akafinya tairi, akainuka. Baba yake alikuwa fundi wa baiskeli zinazobeba matoke, mikungu mitano sita kwa mara moja, na yeye alikua kwa kushikilia mikia ya baiskeli hizo zisianguke.

"Sikia. Matoke ukifunga mbele, baiskeli inakupeleka mtaroni. Ukifunga nyuma kidogo, chini kidogo, inakwenda kama mtoto mwenye adabu. Si unaona? Sasa wewe ndiye matoke, na umefungwa mbele."

"Mimi matoke?"

"Mabivu kabisa. Hii baiskeli bado inamsubiri yule mzungu wake. Wewe haijui kama umefika."

Nilicheka mpaka nikaachia ukuta, na tukaanguka wote watatu, mimi, yeye na baiskeli, juu ya shuka. Sikutoka damu. Alilifua tena.

Kuanzia siku ile nikawa natazama mafundi kwenye simu, wa Kiarabu, wa Kihindi, wa lugha nisizozijua, nawasimamisha, nawarudisha nyuma. Na ndipo nilipogundua kitu kilichonifanya nikimbie chini kumwambia mama, ambaye hakushtuka: hawa wote walikuwa wanafundisha jiometri. Somo lililonitoa jasho darasani lilikuwa limekaa juu ya paa letu siku zote, lina matairi.

Jambo lenyewe ni hili, nalieleza kama nilivyolielewa. Gurudumu la mbele linashikwa na uma. Uma ukisimama wima, kama mwanafunzi aliyeitwa jina, gurudumu linakaa karibu na miguu yako. Linageuka upesi, zuri kwa barabarani. Lakini kwenye mteremko linakuwa chini yako, na likisimama kwenye jiwe, wewe unaendelea na safari. Uma ukilala kidogo, gurudumu linatangulia mbali zaidi, linalipokea jiwe kabla yako, linatulia. Digrii moja tu, hata nusu, mtu anaihisi mikononi. Mafundi wanasema shingo imelala.

Ya kwetu ilikuwa na namna ya kuilaza. Nyuma, pale springi inapofungwa, kuna kijipande cha chuma chenye matundu mawili; ukikigeuza, baiskeli inashuka tumbo na shingo inalala. Simu yangu nayo ina kile kipimo cha waashi. Tukailaza simu juu ya uma, tukasoma digrii sitini na nane. Kisha jirani akashika spana, mimi nikashika baiskeli isitoroke, akakigeuza kijipande, akakaza. Kwa kuwa jua lilikuwa linatupiga machoni tukaigeuza baiskeli ielekee upande mwingine. Tukapima tena.

Sitini na tano.

Digrii tatu. Wale mafundi wa kwenye simu walikuwa wanahangaika kupata nusu. Jirani alipiga kigelegele kirefu, na mimi nikaitikia cha kwangu, kifupi, kwa kuwa sijui sana.

Mama akapiga kelele kutoka chini, "Nani kaolewa?"

"Hakuna, mama. Shingo imelala."

"Shingo ya nani?"

Nikaenda kuijaribu siku ileile, kwenye kijiteremko nyuma ya tangi la maji. Nilikwenda kifua mbele, kama mtu mwenye digrii tatu mfukoni. Jiwe la kwanza, baiskeli ikainua mkia vilevile, na mimi nikaruka juu ya usukani nikatua kwa miguu miwili, sijui vipi, kama mbuzi. Nikasimama palepale nikijikagua, viganja, magoti, kidevu, kama afisa wa forodha. Hakuna damu. Nikairudisha nyumbani kwa kuisukuma, na sikuimba njiani.

Jirani alikuwa anafua vitambaa juu ya paa letu, maana kwao maji yalikatika. Nikaiegesha hapo, nikamweleza. Akamwaga beseni. Maji ya sabuni yakaondoka pale tulipokuwa, upande wa bahari, yakateleza taratibu yakapita chini ya tairi la nyuma, yakapita chini ya tairi la mbele, yakaenda zake mpaka kwenye mfereji wa upande wa mlima.

Tukayatazama. Kisha tukatazamana.

Paa letu lina mteremko. Mjomba, huyuhuyu wa mbuzi, ndiye aliyelimimina saruji miaka hiyo, na akalilaza kwa makusudi ili maji ya kufulia yaondoke yenyewe. Kila mtoto wa nyumba ile anajua. Ndiko gololi zetu zote zilikopotelea. Na sisi mara ya kwanza tulipima baiskeli imeelekea mlimani, inateremka, na mara ya pili tumeigeuza ielekee baharini, inapanda.

"Kwa hiyo," jirani akasema polepole, "hatukulaza baiskeli. Tulilaza nyumba ya mama yako."

Tulicheka mpaka mmoja wa wale wazee wake akaamka. Tulipopima tena, imeelekea mlimani kama mara ya kwanza, ilikuwa sitini na saba na nusu. Nusu digrii. Nusu yetu halali. Tukachora mshale wa chaki sakafuni, kila tukipima baiskeli ielekee hapo. Mimi niliuita kibla cha baiskeli. Mama akasema neno hilo halichezewi, basi ukawa mshale.

Ndipo kazi ya kweli ilipoanza, saa mbili mbili, wazee wakilala. Jirani alikuwa na sheria ya baba yake: kitu kimoja kwa siku. Ukibadilisha viwili, hutajua nani mkosaji.

Siku ya kwanza ilikuwa ya upepo. Springi ya nyuma inajazwa upepo kwa pampu ndogo, na yule bwana mkubwa aliijaza kwa uzito wake. Nilipoikalia haikushuka hata upana wa kucha. Yaani nilikuwa nimepanda kiti kinachosukuma matako juu kila kikipigwa na jiwe, na mimi najilaumu kwa woga. Jirani akabonyeza, fyuuu, nikakaa, fyuuu, nikakaa, mpaka kipete cha mpira kilichoivaa springi kikaonesha imeshuka theluthi yake. Nikahisi baiskeli imenipokea. Sina namna nyingine ya kulisema. Ilikuwa kama mtu aliyesogea kwenye benchi akakwambia kaa.

Siku ya pili tukaifungua shingo ya usukani, ile ndefu iliyokuwa inanivuta nijinyooshe kama anayechungulia kisima, tukatia fupi. Siku ya tatu tukahamisha pete za juu ya hiyo shingo ya usukani kuziweka chini yake, usukani ukapanda vidole viwili. Siku ya nne kiti kikashuka. Kila siku tulipima, kila siku nilikwenda kwenye kile kijiteremko, na kila siku mkia ulibaki chini zaidi. Siku ya tano niligonga jiwe lilelile, na baiskeli ikalipanda, ikalishuka, ikaendelea kana kwamba hawajuani. Nilirudi nyumbani nikapiga kigelegele mwenyewe, kirefu.

Mama alikuwa anachambua mchele. "Ijumaa," akasema bila kuinua macho, "nakuja mwenyewe kutazama. Nimechoka kuhadithiwa."

Ijumaa ni siku ya jirani ya mapumziko. Asubuhi mapema mimi nikapanda na baiskeli kwa upande wetu, na wao wawili wakazunguka kwa gari mpaka kule chini kwenye uwanja. Mama alikuja na mfuko wenye pamba, dawa ya vidonda na bandeji mbili. Jirani aliniambia baadaye kwamba njia nzima aliupakata kama mtoto.

Juu kule nilisimama. Niliona gari letu dogo jeupe, na pembeni yake vitu viwili, kimoja cheusi na kimoja cha manjano. Nikafunga kofia ngumu juu ya mtandio, nikasema bismillahi, nikaachia breki.

Sijui nielezeje. Mawe yalikuwa yaleyale. Lakini zamani yalikuwa yananijia usoni, na sasa yalikuwa yanapita chini, tak-tak-tak, kama watu wanaopisha njia. Kwenye ile ngazi niliyoachia kidevu nilisikia gurudumu la mbele linashuka, nikasubiri mkia uinuke, nikasubiri, na nilipochoka kusubiri nilikuwa nimeshaipita. Nikaanza kucheka peke yangu. Wapita njia wawili waliokuwa wanapanda walijibana mwambani, mmoja akasema mashallah, nami nikamjibu kitu, hata sijui nini, kwa sauti ya mtu aliyeolewa na mlima. Mguu wangu haukugusa chini. Mpaka mwisho haukugusa.

Na ningesimama pale, yangekuwa yamekwisha.

Lakini mama alikuwa ananitazama, na furaha haina breki. Nikataka kumzunguka, taratibu, kwa madaha, kama maharusi wanavyozungushwa. Jambo ambalo hakuna fundi wa kwenye simu aliyelisema kwa sauti ya kutosha ni hili: shingo iliyolala, ukienda kasi, ni tulivu, lakini ukienda mwendo wa konokono na kukata kona, usukani unaanguka upande kama mtu aliyesinzia. Wangu ulisinzia mbele ya viatu vya mama. Nikaenda chini taratibu, na baiskeli juu yangu, puu.

Jirani akatazama mbinguni kama anayetafuta ndege.

Mama alichuchumaa. Akaikunja mikono ya shati langu, kwanza kulia, kisha kushoto. Akapandisha suruali, akatazama goti kwa muda mrefu, akalipangusa kwa kidole gumba. Akanigeuza viganja. Akanishika kidevu, akakielekeza kwenye jua. Moyo wangu ulikuwa Barka tayari, unakata majani.

"Jirani," akasema, "njoo na macho yako ya kijana. Unaona damu hapa?"

"Hapana, mama. Vumbi tu."

"Nami naona vumbi." Akasimama, akajikung'uta buibui. "Nilisema damu. Vumbi sikulitaja. Ningejua ningelitaja."

Akaurudisha mfuko wake garini bila kuufungua. Kisha akarudi, akaishika baiskeli usukani, akaupeleka kulia, akauachia, ukaanguka. Akaupeleka kushoto, ukaanguka.

"Nyinyi mmeilaza mno hii," akasema. "Hata mimi naona. Iinueni."

"Mama, ile njia—" nikaanza.

"Njia nimeiona. Umeshuka kama maji, sikatai. Lakini na kusimama lazima ujue."

"Shingo ibaki, mama, tuondoe pete moja ya usukani," jirani akasema. "Shwaya tu, kidogo. Usukani ushuke kidogo, mbele ipate uzito."

"Moja tu?"

"Moja. Kitu kimoja kwa siku."

Mama akafikiri. "Haya. Moja."

Akashika tairi la mbele, mimi la nyuma, tukaipakia garini. Alipowasha injini aliniuliza hiyo spana hugeuzwa upande gani kulegeza.