Kipengele Kilichoachishwa Kabla ya Wakati

Aliyehamisha kipengele cha mizani cha programu yetu ya vituo vya maziwa kutoka upande wa majaribio hadi toleo imara ni mratibu wetu wa matoleo, peke yake, bila idhini ya kituo chochote. Naanza na hilo ili lawama isije ikamwangukia asiyehusika, kwa maana mengi ninayokusudia kuandika hapa ni shukrani.

Nilipostaafu kazi ya masijala hapa Eldoret, nilidhani nimemalizana na kumbukumbu za watu. Kisha nikakutana na jumuiya inayotengeneza programu huria ya vituo vya maziwa: watu wa kujitolea, kila mmoja kwake, na kazi yao iko wazi kwa yeyote kuisoma na kuirekebisha. Mimi sijui kuandika programu. Walinipokea hivyo hivyo, wakanipa jukumu la kuandika maelezo ya matumizi na kusimamia utaratibu. Sijawahi kuheshimiwa hivyo katika ofisi yoyote.

Utaratibu wenyewe tuliuita kuachisha, kama ndama anavyoachishwa kunyonya. Jambo jipya hulelewa upande wa majaribio, ambako kukosea ni ruhusa, na halihamishwi kwenda toleo imara, lile linalotumiwa na vituo vyote, hadi vituo vitatu vithibitishe kwa maandishi kwamba limevifaa. Wapo walioniona mkaidi. Lakini nilitetea pande zote mbili: bila majaribio programu ingezeeka ikafa, na bila toleo imara hakuna mfugaji angetuamini.

Kipengele cha mizani kilibuniwa na mwalimu mmoja aliyehamia mjini kwetu kutoka upande wa ziwa. Kilisoma uzito moja kwa moja kwenye mizani na kuondoa uzito wa chombo, ili karani asiandike kwa mkono. Kilikuwa kimejaribiwa katika kituo kimoja tu, cha Moi's Bridge, kwenye mashamba makubwa, ambako maziwa huja kwa mikebe mizito ya alumini. Mratibu akakihamisha, kwa kuwa alitaka toleo jipya liwe na jambo la kutangaza.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kituo cha Kapseret. Mama mmoja mwenye ng'ombe mmoja akaweka jerikeni yake ndogo kwenye mizani. Programu ikaondoa uzito wa mkebe wa alumini.

"Mama, hapa inasema umeleta chini ya sufuri," karani akasema.

"Yaani nimekuja kuchukua?"

"Ndivyo inavyosema."

"Basi nipimie nibebe. Watoto watashukuru."

Foleni ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akanigeukia. "Mzee, mashine yenu imenifanya mwizi mbele ya majirani."

Mwenyekiti wa kituo akatamka kwamba, kosa hilo lisiporekebishwa kufikia jioni, Kapseret itaachana na programu yetu kabisa.

Nilimpigia mratibu, hakushika simu. Nikampigia mwalimu. Hakujitetea hata kwa neno moja. "Kirudishwe kwenye majaribio, Mzee. Bado kinanyonya." Kabla ya adhuhuri, wanajumuiya ambao wengine sijawahi kuwaona uso kwa uso walikuwa wamerudisha toleo imara la awali. Nawashukuru wote. Jumamosi mwalimu alifika Kapseret kwa boda boda, akaketi na yule Mama, wakapima vyombo vitupu vya wafugaji: jerikeni, ndoo, hata vibuyu.

"Na kikombe changu cha chai?" Mama akamtania.

"Ukileta maziwa nacho, nitakipima."

Mwenyekiti alipowaona, alikubali Kapseret ibaki nasi, tena iwe kituo cha majaribio. Aliweka sharti moja: aliyevunja utaratibu ajibu mwenyewe.

Hajajibu. Kwa hiyo namtaka mratibu wa matoleo aeleze kwa maandishi, kwenye ukurasa wa wazi wa jumuiya, ni kwa mamlaka gani alipuuza sharti la vituo vitatu; afike Kapseret wakati wa kupokea maziwa na kumwomba radhi Mama huyo mbele ya foleni; na hadi atakapotimiza yote mawili, asihamishe kipengele kingine chochote kwenda toleo imara.