Jina Lililofunga Barua Pepe

Ni mimi niliyesababisha barua pepe ya ofisi yetu ya Kahama igome siku tatu. Kwa miaka mingi nimeisingizia laini ya simu, na kwa kuwa laini za miaka ile ya tisini zilikuwa na makosa mengi ya kweli, hakuna aliyeona ajabu kosa moja likiongezeka.

Tulikuwa ofisi ndogo ya watafutaji wa dhahabu, pale Nyasubi: kompyuta moja, modemu moja, anwani moja ya barua pepe kwa watu wote. Barua hizohizo mjiolojia wetu alizisoma porini, upande wa Geita, kwa kompyuta ya mkononi aliyoiunganisha na simu ya setilaiti. Mtaalamu wa mitambo nilikuwa mimi, kwa sababu nilisoma chuo kikuu. Nilisoma historia.

Neno la siri lilikuwa limebandikwa ukutani, juu ya meza ya chai, na wageni walilisoma wakisubiri maji yachemke. Jumatatu nikaamua kuwa mtu wa kisasa, nikalibadilisha. Nilitaka neno ambalo hakuna mtu angelisikia kinywani mwangu, nikaweka jina la baba mkwe. Ukweni kwangu, Masumbwe, mkamwana halitamki jina hilo. Wana jirani mwenye jina hilohilo; miaka yote nimemwita "yule mwenye baiskeli." Nikasahau jambo moja dogo: kumwambia mjiolojia.

Jumatano barua zikakatika. Kwenye kompyuta ya ofisi hakuna kitu, kwenye ukurasa wa intaneti tunakataliwa, na kwenye redio ya upepo mjiolojia analalamika kwamba kompyuta yake inamdai neno la siri tangu juzi, naye analiandika lilelile la ukutani, tena na tena. Hapo nikaelewa. Mtambo wa Dar es Salaam, unaotunza barua zetu, ulikuwa umechoka kubishiwa hodi na mtu usiyemtambua, ukafunga mlango kwa wote.

Nikasema, "Ni laini."

Aliyeumia ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye alikuwa mchora ramani wetu. Alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusomea upimaji nje ya nchi. Fomu yake ilikuwa inakuja kwa barua pepe na ilitakiwa irudi, imejazwa, Ijumaa kabla ya jioni. Faksi tulikuwa nayo, lakini radi ilishaiunguza.

Nikachomoa nyaya nikazirudisha. Nikabadilisha stebilaiza. Nikaipuliza modemu vumbi kama anayepuliza moto wa kuni mbichi. Kutengeneza kitu ambacho unajua hakijaharibika kunachosha kuliko kulima.

"Shemeji, hiyo digrii uliisomea au uliiokota?" aliniuliza Alhamisi.

"Ni ya historia. Subiri kompyuta izeeke, nitaielewa."

Akacheka, kisha akatazama saa.

Ijumaa saa nane mchana ndipo fundi wa kampuni iliyotuuzia intaneti alipopatikana kwenye simu. Shemeji alisimama ubavuni mwangu, sikio karibu na simu.

"Akaunti imefungwa, dada," fundi alisema. "Nitajie neno la siri la sasa nijue ni nyinyi, niifungue."

Nikafunika simu kwa kiganja. "Shemeji, kaniletee maji."

"Maji hayo hapo mezani. Sitoki."

Nikajaribu kutaja herufi mojamoja, nikijidanganya kwamba herufi si jina. Ya tatu ilipotoka, shemeji aliacha kuchezea kifungo cha shati.

"Sisikii, dada. Sema neno zima, kwa sauti."

Nikalisema. Nililisema kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Shemeji akainamisha macho sakafuni kana kwamba kanga imenidondoka.

"Jina la nani hilo?" fundi akauliza.

"La baba mkwe."

"Pole sana, dada. Hata mimi nina wakwe." Nikasikia akibonyeza vitufe. "Tayari. Kuna barua yenye fomu imekaa hapa tangu Jumatano."

"Siku tatu, shemeji?" alisema mdogo wa mume wangu, taratibu, bila kuinua macho.

"Siku tatu," nikajibu.

Akavuta kiti, akaketi mbele ya kompyuta.

"Kata simu basi. Modemu haiwezi kupiga wakati nyinyi mnapeana pole."